Mama Aliyeivuruga Pombe Yake

Wiki hii tumemzika jirani yetu wa zamani wa mtaa wa Mulongwe, mama aliyepika kasiksi, ile pombe ya ndizi, tangu nikiwa kijana. Habari niliipata barabarani kwa mtu aliyedhani nimekwisha kuisikia. “Yule mama wa pombe safi, si ametuacha?” Hivyo ndivyo mtaa ulivyomjua. Kasiksi ya wengine ilikuwa nzito kama maji ya mto baada ya mvua; yake, ukiimimina katika glasi, unaona kidole chako upande wa pili. Alichuja maji ya ndizi kwa nyasi, kisha kwa kitambaa, na pombe ikishachachuka aliiacha mitungini katika chumba cha nyuma chenye ubaridi, machicha yashuke yenyewe. Mitungi ile haikusogezwa. Hata mlango wa chumba kile alitukataza kuubamiza.

Wakati wa vita, watu wenye silaha walihamia nyumba iliyotazamana na yake. Mkubwa wao hakuwahi kupaza sauti, na upole ule ndio uliotutisha. Aliogopa sumu, kwa hiyo hakugusa pombe ambayo hakuweza kuona chini ya glasi yake, na kwa sababu hiyo akawa mteja wa jirani yetu. Walikunywa uani kwake mchana, wakazungumza mbele yake kana kwamba hana masikio. Siku moja mama alimsikia mkubwa yule akiwaambia wenzake kwamba watakwenda Kiringye, kule katika tambarare ya mto Ruzizi, “kusafisha.” Kisha akamgeukia.

“Mama, vijana yangu hawatembei na kiu. Tutakunywa kwanza. Pombe iko?”

“Iko, shefu. Lakini haijatulia. Mukuje kesho.”

Kiringye ndiko alikokuwa akilima kaka yake mama. Jioni hiyo mama alikuja kwetu. Mke wangu alikuwa akipeleka ndagala, wale dagaa wa ziwani, katika vijiji vya tambarare, na barabara bado ilimruhusu mwanamke mwenye beseni kichwani kupita.

“Dada, kesho ukifika, weye usiuze tu samaki,” alimwambia. “Uwaambie watoke. Wote.”

“Na hawa wakiondoka kesho?”

“Minye nitawachelewesha.”

Hatukuelewa. Kesho yake nilikwenda kumwomba makaa ya moto, nikakuta mlango wa chumba cha nyuma uko wazi. Alikuwa amepiga magoti, mkono umezama mtungini hadi kwenye kiwiko, akiyakoroga machicha yapande juu. Hakushtuka. Alinitazama tu, nami nikaufunga mlango taratibu. Mchana, mkubwa yule alikuja, akainua glasi kwenye jua, akaimwaga pombe chini. Akaambiwa tena arudi kesho. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Vijana wake walianza kunung’unika, na mmoja akasema mama huyu anawachezea. Mke wangu alikuwa amerudi, akatuambia kwamba watu wa Kiringye wameanza kuvuka mto, wengine wanapanda milimani, lakini si wote. Wapo waliosema wamesikia maneno ya namna hiyo mara nyingi.

Asubuhi moja walikuja wakiwa wamebeba mizigo yao. Mkubwa aliomba glasi. Pombe ilikuwa nyeusi kwa machicha. Safari hii hakuimwaga. Alimpa mama anywe kwanza, akasubiri, kisha akainywa yote iliyobaki na kujifuta midomo.

“Mama, weye unajua pombe sana,” alisema kwa upole. “Haiwezi kukushinda siku zote hizi.”

“Ndizi za mwaka huu ni mbaya, shefu.”

Mkubwa alimrudishia glasi. Sisi tuliokuwa nyuma ya ua tulisubiri mlio wa bunduki. Akageuka, wakaondoka, na kabla ya jua kuzama moshi ulionekana upande wa tambarare. Walikuta nyumba nyingi tupu wakazichoma. Kaka yake mama hakuwa ameondoka. Alibaki kuulinda mpunga wake uliokuwa umeanikwa, nao wakamuua hapo. Mama alipopata habari aliingia chumba cha nyuma, akakaa huko siku nzima. Baadaye alimwambia mke wangu, “Niliwapatia siku. Miguu sikuweza kuwapatia.”

Msibani walikuja wanawake tusiowafahamu, wametoka Kiringye, wengine na watoto mgongoni. Mmoja aliniambia hakuwahi kumwona marehemu. Mama yake mzazi, aliyevuka mto siku zile, ndiye aliyemtuma. Nimewaza sana tangu siku hiyo. Tunapozungumza juu ya vita tunawataja walioshinda na walioshindwa, tukidhani mtu wa kawaida hana la kufanya ila kukimbia au kufa. Jirani yetu hakuweza kuuzuia ubaya ule. Aliuchelewesha, kwa kuharibu kwa mkono wake kitu pekee alichojivunia, na katika ucheleweshaji huo watu walivuka mto. Nimejifunza kwamba hiyo ni kazi kamili, na kwamba haimngojei mwenye nguvu. Naandika haya wakati malori yanapita tena kuelekea tambarare, yamefunikwa turubai, na hakuna anayetuambia yamebeba nini. Ninaangalia nyumba za mtaa wetu moja baada ya nyingine, nikijiuliza safari hii ni nani atakayewaambia wenye malori haya wasubiri hadi kesho.