Besi Kwanza

Shangazi yangu aliongoza nyimbo za kwaya ya Kaagya tangu kabla sijazaliwa. Kisha akakatwa uvimbe wa shingoni, na sauti ikabaki mnong'ono. Alichobaki nacho ni wimbo mmoja, ulionaswa na mmisionari kwenye kanda mwaka uliotangulia. Sasa mmisionari aliitaka kanda yake aifute, anase mahubiri. Alituazima kanda na mashine mpaka jioni, tutoe nakala.

Kazi nikapewa mimi, mwalimu kijana niliyejua kuunga waya na kujisifu. Tulikuwa Kibeta, nyumbani kwa mwalimu wa kwaya, mashine mbili mezani, yake na ya mmisionari, jenereta ikinguruma huko nyuma ya migomba. Mashine iliyopiga wimbo ilikuwa na kitufe cha kupunguza uzito wa sauti. Iliyonasa ilikuwa na kitufe cha kuipandisha na kuishusha, na taa ya kijani iliyojifumba kama jicho kila sauti ilipozidi.

"Punguza sauti kubwa," mwalimu wa kwaya akaniambia, akatoka kwenda kumpokea shangazi kwenye basi la Muleba.

Kwetu sisi tuliojifunza Kiswahili shuleni, besi, ile sauti nzito ya wanaume, ilikuwa "sauti kubwa", na kelele pia ilikuwa "sauti kubwa". Yeye alimaanisha besi, mimi nikaelewa kelele. Basi taa ikijifumba nashusha, ikitulia napandisha, nikajiona fundi kweli kweli. Kumbe waliokuwa wakiifumba ni wale wanaume wa besi, na kila nilipowashusha wao, shangazi alishuka nao.

Alipofika nikampigia nakala. Sauti yake ilizama, ikaibuka, ikazama tena, nyembamba, kama ya mtu anayeimba kwa woga.

"Ndiyo hii niliyopoteza?" akanong'ona, akacheka. "Mwana wange, nimelia mwaka mzima kwa ajili ya hii!" Akaomba chai, akainywa kwa raha.

Mwalimu hakucheka. "Nilikwambia upunguze besi!"

"Ulisema sauti kubwa."

"Na besi ni nini?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Jioni ilikuwa bado, nikarudisha kanda zote mbili mwanzo. Safari hii nilianza na kitufe cha uzito, nikaipunguza besi mpaka wanaume wakasikika kama wamesimama nje ya mlango. Taa ikatulia yenyewe. Mkono wangu wa pili ukabaki na kazi ndogo tu, kushusha kidogo pale shangazi alipopanda juu kabisa, na kumrudisha alipotelemka. Vitufe ni vilevile, mpangilio tu ndio uliobadilika.

Tukaipiga. Ikatoka sauti pana, safi, isiyomwogopa mtu, ikapita juu ya kwaya nzima na kukaa huko. Nilifurahi kupita kiasi. Nikamgeukia shangazi nikingoja sifa zangu.

Alikuwa ameweka kikombe chini.

"Ile ya kwanza iko wapi?" akanong'ona.

"Ile iliharibika, shangazi."

"Najua. Nipigie hiyo."

"Haipo tena. Nimenasa hii juu yake."

Akatikisa kichwa taratibu, akaitazama mashine. Kisha akalia palepale mbele yetu, bila sauti, nami sikujua nimwombe radhi kwa nakala ipi.