BMW Nyekundu Aliyoikataa Kisilu

Kisilu alitengeneza magari ya watu pale mjini Sultan Hamud miaka ishirini kabla ya kutafuta lake. Mwaka 1988, mfanyabiashara aliyeitwa Mbugua alimwonyesha BMW mbili zilizotumika, nyeupe iliyochakaa na nyekundu yenye mbio.

"Chukua nyekundu, fundi. Haijawahi kupata ajali."

Kisilu alifungua boneti, akapapasa chuma kilichochomelewa. Mwaka uliotangulia yeye ndiye aliyelivuta gari hilo kutoka mtaroni, baada ya kumtoa mwalimu Kalunde akiwa amekufa.

"Humu alifia mwalimu wa watoto wangu," alisema.

Mbugua alivua kofia. "Mimi pia niliuziwa tu, mzee. Sikujua."

Kisilu alinunua nyeupe. Jumapili, baada ya kanisa, aliiendesha hadi Mbumbuni kumsalimia mama yake Kalunde. Habari ya gari jekundu hakumwambia.