Klipu Kumi na Tisa za Kumcheka Ma Anatolia

Mwanamke niliyemcheka mtandaoni kwa wiki tano alinitumia ujumbe. Hakunitukana. Hakunitishia polisi.

Alinialika chakula cha mchana.

Nasimulia kama ilivyokuwa. Mahali nitakapoonekana mjinga msinitetee, maana ndivyo nilivyokuwa.

Naitwa Isaac. Naishi Nyanga, hapa Bukoba, kwa dada yangu. Nina digrii ya ualimu, somo la Kiswahili, na hii ni miaka mitatu nasubiri ajira. Asubuhi namsaidia dada kwenye migomba na kahawa, jioni nafundisha tuisheni. Katikati hapo nina simu na nina mdomo.

Siku moja rafiki yangu Buberwa alitoka kwake Buhembe akaja na kitabu. Alikikuta mjini kwenye duka la vifaa vya shule, nakala kama kumi juu ya kaunta, zimejaa vumbi. Kwenye jalada kuna msichana mwenye mbawa na ziwa linalowaka moto. Kokushubila na Taji la Mawe Saba. Mwandishi Anatolia Kashaija, Muleba.

Buberwa akafungua katikati, akasoma kwa sauti.

"Joka lile lilikuwa na vichwa saba, vinne kati ya hivyo vikiwa na hasira."

Tulicheka mpaka dada akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Jamani, kitabu kilikuwa kibovu. Sisemi kwa wivu. Kokushubila ana miaka kumi na tano, mizimu ya ziwa imemchagua aokoe ufalme ulio chini ya maji, na wavulana wawili wanampenda. Mmoja ni mwana wa radi. Huyo mwana wa radi anakufa ukurasa wa arobaini. Ukurasa wa sitini na moja yupo mezani anakula ebitoke, ndizi za kupika, na hakuna hata mmoja anayeshangaa.

Jioni ile nikajirekodi nimeshika kalamu nyekundu, nimevaa koti la marehemu baba, nikasoma kwa sauti ya mkaguzi wa shule.

"Kokushubila aliposikia habari hizo alikufa kidogo, kisha akaendelea na safari."

Klipu ile ikaenda. Kesho yake watazamaji elfu nane. Wiki ilipoisha, elfu tisini.

Nilikuwa sijawahi kusikilizwa na watu zaidi ya arobaini, tena arobaini wenyewe ni darasa la tuisheni. Kichwa kikavimba. Watu wakaanza kunisimamisha mjini, wananiita ticha, wanataka picha.

Basi jioni nyingi nilifungua kitabu, nikatafuta sentensi iliyopinda, nikaipigia mstari mwekundu mbele ya kamera, nikacheka. Koma zake nilizicheka. Jina lake nililicheka. Niliwahi kusema mwandishi huyu angebaki kupalilia maharage, Kiswahili kingepona.

Hiyo ya maharage ilipendwa sana.

Kufika klipu ya kumi na tisa watazamaji wakapungua. Nikakitupa kitabu juu ya kabati, nikahamia kwenye mambo mengine.

Wiki mbili baadaye ndipo ujumbe ukaingia. Ulikuwa umeandikwa kwa heshima zote za Kihaya. Waitu, mimi ni Anatolia Kashaija wa Kamachumu, huku Muleba, nimesikiliza klipu zako zote, naomba uje Jumamosi tule, kuna jambo nataka kukuuliza.

Buberwa alinikataza. Alisema mtu hakualiki bure baada ya mambo yale, huko kuna kaka zake wamekaa na fimbo. Mimi nikaenda. Mngependa niseme dhamiri ilinisukuma. Haikuwa dhamiri. Nilidhani anataka kuniomba nimsahihishie kitabu kijacho, na njiani kwenda Muleba nilikuwa tayari napanga jinsi ya kumkatalia kistaarabu.

Nilipokewa barabarani na binti yake, Klaudia, msichana wa rika langu. Hakunipa mkono. Aliniangalia kuanzia viatu.

"Wewe ndiye wa koti," akasema.

Tukatembea katikati ya migomba. Akaniambia mambo bila kunigeukia. Mama yake ni matroni wa bweni katika sekondari moja ya wasichana. Elimu yake ni darasa la saba. Kitabu kile alikiandika miaka sita, kwenye madaftari, kwa sababu kila Jumapili mchana alikuwa anawasimulia wasichana wa bweni hadithi ya Kokushubila, na wao ndio waliomwambia aiandike. Mwana wa radi walimtunga wao. Joka pia.

Kisha klipu zangu zikafika shuleni.

"Siku moja anagawa uji," Klaudia akasema, "binti mmoja akajiangusha sakafuni. Akasema, matroni, nimekufa kidogo. Bwalo zima likacheka. Tangu siku hiyo mama hajawasimulia kitu."

Nikasema pole. Neno lenyewe likanitoka kama kikohozi.

Nilikuwa nimemfikiria mwandishi kama kasichana fulani kenye ndoto nyingi. Aliyesimama mlangoni alikuwa mama wa karibu miaka sitini, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, kitenge safi cha wageni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita mwalimu.

Mwalimu. Hakuwa ananikejeli. Ningejua.

Tulikula ebitoke na samaki, na senene, panzi wa kukaanga, kwenye kisahani pembeni, wamewekwa upande wangu. Aliniuliza habari za dada, habari za kahawa ya Nyanga, kama ajira zimetoka. Akaniombea zitoke.

Tulipomaliza akaleta daftari.

Mle ndani alikuwa ameandika klipu zangu zote, moja hadi kumi na tisa, kwa mwandiko ulionyooka. Kila kosa nililolicheka lilikuwa na mstari wake na masahihisho yake. Mwana wa radi sasa hafi ukurasa wa arobaini, anazimia tu. Macho ya Kokushubila yamekuwa ya rangi moja kitabu kizima. Mahali niliposema abaki kupalilia maharage, ameandika: "Hapa hakutaja kosa."

Nilitaka sakafu inimeze.

Nikaanza kuomba radhi. Akanizuia kwa kiganja, akasema mambo ya kucheka yamepita, na kwamba makosa niliyoyataja mengi yalikuwepo kweli. Kisha akasogeza kiti.

"Mwalimu, kuna kitu kimoja hukukigusa. Sura ya mwisho. Klipu ya kumi na tisa ilipoisha, nilisubiri ya ishirini. Sura ya mwisho uliionaje?"

Wapendwa, sikuwa nimesoma sura ya mwisho. Sikuwa nimesoma kitabu. Nilikuwa nimedonoadonoa kama kuku, huku sentensi, kule sentensi. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli mbele ya mtu aliyekuwa amenilisha.

"Sura ya mwisho ilikuwa nzuri," nikasema. "Ilinigusa sana. Ndiyo maana sikuicheka."

Klaudia alikuwa anakusanya sahani. Akasimama.

Ma Anatolia alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge muda mrefu.

"Kitabu hicho hakina sura ya mwisho, mwana wange."

Nilimsikia vizuri, ila sikuelewa. Akanieleza polepole, kama anayemweleza mgonjwa. Maboksi yalipofika kutoka kwa mchapaji, aligundua karatasi za mwisho hazimo. Nakala zote. Kitabu kinakatika katikati ya sentensi. Alilia siku mbili, maana hakuwa na uwezo wa kukichapa upya. Kisha akaamua anyamaze. Sura ile anayo kwa mkono wake, na mtu wa kwanza kuja kumuuliza kilichoendelea, huyo ndiye angempa.

Mchungaji alimpongeza, akasema mwisho umemfurahisha. Mwalimu mkuu alisema mwisho una mafunzo. Dada yake wa tumbo moja alisema alilia mwishoni.

Miezi minane, hakuna aliyeuliza.

"Halafu Klaudia akanisikilizisha wewe," akasema. "Iliniuma. Lakini nikasema, huyu anakagua hadi koma. Huyu atafika. Kila jioni nilikuwa nangoja useme, mbona hadithi imekatika?"

Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Sikukuita nikufumanie. Nilikuita kwa sababu niliamini umefika."

Nimefukuzwa kibarua maishani, nimeachwa na mchumba, nimepigwa na mwalimu mbele ya paredi. Hakuna kilichowahi kunivua nguo kama maneno yale.

Sikumbuki nilivyoaga. Nakumbuka alimtuma Klaudia anifungie kahawa ya kumpelekea dada, na Klaudia akanikabidhi barabarani, akageuka.

Nilifika nyumbani, nikashusha kitabu kutoka kabatini, nikakisoma. Siku tatu. Nilianza ukurasa wa kwanza kama mtu anayejifunza kusoma.

Sitawadanganya tena, bado kilikuwa kibovu. Lakini ukurasa wa mia moja thelathini na nane, Kokushubila anarudi bweni la shule yake kutoka chini ya ziwa, na anakuta hakuna aliyejua kwamba aliondoka, kwa sababu msimamizi anahesabu mablanketi, hahesabu wasichana. Basi anajilaza chini ya blanketi lake na anaona aibu kwa kuwa hai. Niliisoma mara nne. Mwandishi yeyote angejivunia.

Juu ya aya ile palikuwa na mstari wangu mwekundu. Nilikuwa nimepita hapohapo, nikapigia mstari neno "mablangeti" lililokosewa herufi, nikacheka, nikafunua ukurasa.

Nilirekodi klipu ya ishirini, bila koti. Nikakiri kwamba sikuwa nimekisoma kitabu, nikaomba radhi kwa jina lake, nikasoma aya ile ya mablanketi. Waliotazama hawakufika mia tatu. Komenti ya juu ilisema, turudishie joka, ticha. Klipu za zamani nimezifuta, ila wengine walishazihifadhi, bado zinazunguka.

Kisha nikampigia simu Ma Anatolia. Ilichukua muda kupokelewa.

Nikamwambia nimefika ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, na Kokushubila amegeuka amemwona mama yake amesimama mlangoni na... Basi, hapo ndipo kinapoishia. Nikamuuliza, Ma, amesimama na nini?

Nilisikia kuku, nilisikia mtu akipita anaongea Kihaya.

"Kalamu unayo?" akauliza.

Alinisomea sura nzima kwenye simu, saa nzima na zaidi, mimi naandika. Mama yule alikuwa amesimama na kibatari kilichozimika, kwa sababu alimsubiri binti mpaka mafuta yakaisha. Kulikuwa na makosa. Sikugusa hata koma.

Mwishoni nikamuuliza kama sasa atarudi kuwasimulia wasichana. Akasema hapana. Akasema akisimama mbele yao anasikia sauti yangu.

Hilo sina la kulifanyia. Naliandika hapa ili wanaonisifia kwamba nimejirekebisha wajue kuna kitu nilichovunja na hakijapona.

Watu wanapenda kusema usihukumu kitabu kwa jalada. Mimi jalada nililipita, nikaingia ndani na kalamu nyekundu, nikatoka bila kusoma. Kama kazi ya mtu ni mbovu, sema ni mbovu, ila isome yote kwanza. Mtu aliyekaa miaka sita anaandika anastahili walau siku zako tatu. Ukishindwa hizo, funga kitabu na mdomo.