Mwaka Uliofutwa kwa Msasa

Fundi wa fimbo za pool alikuwa na moja tu ambayo hakuitengeneza mwenyewe. Aliichonga marehemu baba yake, akaivisha pete ya pembe ya ndovu, na kitakoni akachora mwaka wa kuitengeneza kwa ncha ya kisu. Sasa macho ya mkewe yalikuwa yanazimika, na fimbo hiyo ndiyo ingelipia upasuaji.

Siku tatu aliipiga msasa na vanishi hadi ikang'aa. Hakuwahi maishani kumkabidhi mteja kazi yenye mikwaruzo.

Mnunuzi alikuja karakanani, akaigeuza kitako juu. "Mzee wangu, mwaka uko wapi? Sheria inaruhusu kuuza pembe ya zamani tu, tena yenye ushahidi. Hii inaonekana ya jana!"

"Ulikuwa hapo kitakoni. Nimeusawazisha."

"Umejimaliza mwenyewe. Nikiinunua, tutalala ndani sote wawili."

Mnunuzi alipoondoka, mke wa fundi aliingia akipapasa ukuta, kisha akaipapasa fimbo. "Laini kweli! Mkono wako haujazeeka, baba watoto. Kwa hiyo Jumatatu tunaenda hospitali?"

Fundi alishukuru kwamba mkewe haoni uso wake, kisha akaionea haya shukrani hiyo.