Mtungi wa Somo la Kwanza

Ule mtungi wa plastiki ulinuka mafuta ya kupikia, harufu isiyotoka hata uusugue kwa mchanga. Hadi leo nikiisikia, nakumbuka kiangazi cha darasa la tano hapa Maua. Sakafu ya darasa letu ilikuwa ya udongo, na kila asubuhi ilinyunyiziwa maji ili vumbi litulie. Maji yalitoka mtoni, bondeni kabisa, na waliotumwa ni wasichana. Wavulana walibaki na hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo ilikuwa somo la kwanza. Sisi tulirudi mwalimu akifuta ubao.

Na hata sisi wasichana hatukuwa sawa. Makena, ambaye baba yake alikuwa na pikapu za kupeleka miraa Nairobi, aliambiwa, "Wewe keti, utachafua soksi." Wazazi wangu walikuwa wametoka Siakago kuja kulima mashamba ya watu, kwa hivyo mimi nilipewa mitungi miwili. "Nyinyi watu wa ukame," mwalimu alisema, "si mmezoea kufuata maji mbali?" Darasa zima likacheka. Nilitaka kumwambia kwamba kwa nyanya, huko Siakago, kuna tangi la maji ya mvua nyuma ya jikoni. Nikainua mitungi yangu. Mimi hata nikikanyagwa mguu, ndiye huomba msamaha.

Siku moja mwalimu akaniita ubaoni nijumlishe nusu na theluthi. Maji yalikuwa bado yananitiririka mgongoni. Nikajumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini, nikaandika mbili juu ya tano. Mwalimu akawageukia wavulana. "Mmeona? Wasichana na hesabu, wapi na wapi!" Yeye huyo huyo aliyenituma mtoni! Nilipomweleza mama, alisema tu, "Vumilia, mwanangu. Sisi ni wageni hapa."

Sasa niko kidato cha tatu. Shule ile imewekwa sakafu ya simiti, nikadhani mambo yameisha. Kumbe simiti nayo hupigwa deki. Juzi, nikiwa nyumbani kwa likizo fupi, niliwaona wadogo zangu mapacha, mvulana na msichana wa gredi ya tano, wakitoka asubuhi: Njeru na mfuko wa vitabu, Igoki na mfuko wa vitabu pamoja na mtungi. Nikamuuliza Igoki nusu ukijumlisha na theluthi ni ngapi.

"Mbili juu ya tano," akajibu bila wasiwasi.

"Ni tano juu ya sita, wewe!" Njeru akaangua kicheko.

Nyumba moja, darasa moja, uji wa sufuria moja. Miaka yote hii, kilichobadilika ni sakafu tu. Nikamnyang'anya Igoki mtungi.

"Na mwalimu akiuliza maji?" mama akasema. "Wewe usiyeweza hata kuomba chumvi kwa jirani?"

"Nitampelekea mimi. Halafu nitaketi pale nyuma mpaka Igoki amalize somo la kwanza."

Nilipomaliza kusema hayo, nilikuwa nimeshafika langoni.