Mtoto wa Kiazi cha Mayu

Mgeni akiomba ardhi, humpi iliyo mbovu. Ndivyo Nyanjige alivyolelewa. Kwa hiyo Rhoda, mtafiti wa mbegu, alipofika kwake nje kidogo ya mji wa Bariadi kuomba shamba la majaribio, alimpeleka moja kwa moja bondeni, kwenye udongo mweusi unaozaa kila kitu.

"Hapana, mayu," Rhoda alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nipeleke kwenye shamba lile linalokuaibisha."

Lile lilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya mwamba. Viazi vitamu vilitoka humo vimepasuka, na mizizi imejaa vinundu. Majirani walishasema limerogwa. Rhoda aling'oa shina, akapasua kinundu kwa ukucha.

"Minyoo fundo. Huwezi kuiona kwa macho. Inaingia kwenye mzizi, inanywa humo humo mpaka mmea unachoka."

Nyanjige aliliokota lile shina. Kiazi kile kilikuwa cha mama yake. Marando yake, yale mashina ya kupandia, Nyanjige aliyabeba kichwani siku alipoolewa, na michembe yake, vile vipande vinavyokaushwa juani juu ya mwamba, ilisifiwa kijiji kizima. Mama alishazikwa. Katika vyote ambavyo mikono yake ilivigusa, kilichobaki hai ni kiazi hicho, nacho kilikuwa kinakufa.

Rhoda aliondoka na marando. Huko kwenye kituo cha utafiti aliyachavusha maua yake kwa chavua ya kiazi kingine, kigumu, kisicho na ladha, lakini kilichoishinda minyoo. Misimu ikapita. Aliporudi alileta watoto: ndugu wengi wa baba mmoja na mama mmoja, kila mmoja na tabia yake. Akataka wapandwe palepale pabovu, na kando ya kila tuta lao, tuta la kiazi cha mayu, kile cha zamani cha mama yake Nyanjige.

"Mgonjwa tunamrudisha wa nini?" Nyanjige aliuliza.

"Yeye ndiye anayeilisha minyoo. Asipougua, tutajuaje kama watoto wameishinda, au minyoo yenyewe haikuwepo?"

Luhaga, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa anafyatua matofali, na mji ulikuwa unajengwa. Ukoo ulikuwa umeshakubaliana: viazi vikiharibika na msimu huu, shamba lile achimbe udongo. Kila alipopita alisimamisha baiskeli.

"Shemeji! Nasikia siku hizi unafuga minyoo. Ng'ombe wamekushinda?"

"Minyoo inakula kidogo kuliko wewe," Nyanjige alimjibu, akaendelea kupalilia.

Lakini jioni moja majani ya kiazi cha mayu yalipogeuka njano, moyo ulimshinda. Alijaza karai samadi ya zizini, akalibeba hadi shambani. Akasimama juu ya tuta la mama yake muda mrefu. Samadi ikimponya huyu, watoto wote watakuwa wamepimwa kwa uongo. Alilirudisha karai zizini bila kumwaga hata konzi moja, na usiku ule hakula.

Siku ya kuchimba watu walijaa. Tuta la kwanza, vinundu. La pili, vinundu. Luhaga alikuwa ameanza kupima urefu wa shamba kwa hatua. Nyanjige akaendelea kupiga jembe kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Karibu na mwamba, jembe lilipoinua udongo, likatoka shina lenye mizizi myeupe, laini, na viazi vinono visivyo na ufa. Akachimba shina la jirani yake, la mayu: limeoza. Akarudi kwa mtoto, akachimba tuta zima. Safi. Lote safi.

"Mayu!" Rhoda alipiga kelele, akasahau utafiti, akamkumbatia na matope yake.

"Macho yameridhika," Luhaga alisema. "Mdomo bado. Kiazi cha maji hakitoi michembe."

"Njoo basi michembe ikikauka," Nyanjige alimwambia. "Njoo na mdomo wako."

Alikuja, na mkokoteni wa ng'ombe pia, tayari kwa kubeba udongo. Nyanjige alimwekea michembe iliyochemshwa na karanga. Luhaga akatafuna kipande cha kwanza haraka, cha pili polepole. Akatazama chini.

"Hii niliila siku kaka alipokuoa," alisema.

"Ni mjukuu wa ile mikono ya mama," alijibu Nyanjige, akamwongezea karanga.

"Shemeji, nami nitapata marando?"

Wanawake waliokuja kuonja wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakashtuka. Mkokoteni uliokuja kuchukua udongo uliondoka umejaa marando mabichi, na Luhaga alitembea mbele akiongoza ng'ombe, akimwambia kila aliyekutana naye kwamba hicho ni kiazi cha kwao.

Nyanjige alibaki shambani na jembe. Tuta moja la mayu hakulichimba. Msimu ujao Rhoda ataleta watoto wengine, na mama yao lazima awepo kuwapima.