Mama mkwe alisikia, mimi nikamcheka

Jamani, leo nimemcheka mama mkwe, na sasa nimejifungia ndani.

Mke wangu alitaka tupite njia ya maporomoko, ile fupi ya watalii.
Nikasema hapana! Familia yangu inapita korongoni. Mimi fisi wa Karatu wote wananipisha njia.

Tukashuka korongo moja la hifadhi ya Ngorongoro. Askari wa hifadhi mbele na bunduki, mimi nyuma yake kifua wazi, mke wangu akinifuata, mama mkwe mwisho kabisa na raba zake.
Kimya. Hata ndege hakuna.

Mama akaita, "Baba Neema, kuna mtu nyuma yangu. Nikisimama, anasimama."

Nikacheka mpaka korongo likacheka na mimi. "Mama, huo ni mwangwi wa miguu yako!"

Akaangalia nyuma, akaongeza mwendo. (Mnamjua, huyo haongezi mwendo ovyo.)

Tukafika mwisho, tukala viazi, tukageuka.
Askari akainama kwenye vumbi.

Juu ya alama za raba za mama kulikuwa na nyayo za chui.
Hatua kwa hatua, ndugu zangu!
Na pale mama alipopumzika kwenye jiwe, hatua chache nyuma, chui naye alikaa. Mkia wake umechora vumbi, karibu kabisa na jiwe.

Mama akanitazama. "Haya, mkwe wangu unayepishwa na fisi. Kurudi, wa mwisho ni wewe."

Nimetembea kinyumenyume mpaka getini.
Anayetaka kucheka acheke hapo chini.
Lakini kila niliposimama, kule vichakani kitu nacho kilisimama.